Vita Moja, Sinema Mbili

Wazee walisema: Mwamba ngoma huvutia kwake. Neno hili twaliona wazi katika sinema zinazosimulia mambo ya zamani. Wengi hudhani kwamba jambo lililoonekana kwa macho ndivyo lilivyotokea. Sivyo. Mwenye kutengeneza sinema amechagua mahali pa kusimama, na hapo ndipo anapotusimamisha na sisi.

Tutwae mfano wa nchi yetu wenyewe. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya Uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliutaka Umoja wa Mataifa uirudishe Katanga kwa nguvu za askari wake, lakini haukukubali. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa huko huko Katanga, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Mwaka 2000 Raoul Peck, mtu wa Haiti aliyekaa Kongo utotoni, alitoa sinema iitwayo Lumumba. Ndani yake Lumumba mwenyewe ndiye anayesimulia. Askari wa Umoja wa Mataifa twawaona kwa macho yake: walikuwapo, wana silaha, wala hawakumwokoa.

Mwaka 2016 ikatoka nyingine, The Siege of Jadotville, ya Richie Smyth. Hiyo yaeleza siku chache za Septemba 1961, ambapo askari wapata 150 wa Ireland, chini ya mkubwa wao Pat Quinlan, walizingirwa Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Walipigana na askari wa Tshombe na mamluki wa Kizungu mpaka risasi zikawaishia. Hakufa hata mmoja wao, lakini walitekwa, na kwao walidharauliwa miaka mingi kwa sababu walijisalimisha. Sinema yataka kuwarudishia heshima yao, na ni haki. Lakini Wakatanga wanaoanguka mbele ya bunduki zao, karibu wote hawana majina.

Basi, kofia ni zile zile za buluu. Katika sinema moja ni watu waliomwacha mwenzao. Katika nyingine ni watu walioachwa. Je, ipi yasema uwongo? Si lazima iwe mojawapo. Kila moja yalilia watu wake. Lakini mama wa Katanga aliyekimbia na watoto mgongoni, habari yake haikupewa nafasi katika sinema yo yote ya hizo mbili.

Turudi kwetu Ituri. Vita ya 1999 hata 2003 husimuliwa namna moja nyumbani kwa Mlendu, na namna nyingine nyumbani kwa Mhema. Kila nyumba yahesabu wafu wake. Watoto wetu hawangoji sinema: jioni, karibu na moto, maneno yetu ndiyo picha zao. Tukiwaeleza mabaya tuliyotendewa, tukayaficha yaliyotendwa na watu wetu, tumemshuhudia jirani kwa nusu ya kweli. Na amri ya nane haina nusu.

Wapenzi wasomaji, tuwalilie wafu wetu, kwa maana ni wajibu. Lakini kila tusikiapo habari ya vita, tuulize: Nani hajasikilizwa bado? Kisha tuwe na moyo wa kumwendea huyo, hata kama ni jirani wa ng'ambo ya mto, tuketi, tunyamaze, naye aseme.