Duma
Neno la juma hili ni duma, ambalo katika Kiswahili ni jina la mnyama wa jamii ya paka, mwenye madoadoa na mbio zisizo na mshindani, lakini katika lugha ya Wakikuyu wa Kenya lina maana ya giza. Ni kwa maana hiyo ya pili vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walilichagua liwe jina la bendi yao ya muziki wa metali. Na mwaka 2020 wakatoa santuri yao ya kwanza, nayo ikaitwa Duma, chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Aisikilizaye hukutana na gitaa linalokwaruza, mashine ya ngoma iendayo kasi kupita mkono wa mwanadamu, na ukelele utokao kooni, hata giza na mbio vikawa kitu kimoja. Sisi wa Mokambo, mpakani mwa Kongo na Zambia, ambao Kiswahili chetu kimepakana na Kibemba, yatupasa tufahamu kwamba maneno ya sauti moja si lazima yawe ya nasaba moja, na kila neno lastahili kuheshimiwa kwa maana ya wenyewe.