Kupinda Mgongo kwa Nyuma: Historia ya Mikao ya Yoga, na Nasaha kwa Bi Harusi Mwenye Haraka



Mwaka jana binti wa mama yangu mdogo alikaa kwenye kiti cha bi harusi akiwa na mto mdogo nyuma ya kiuno. Wageni walidhani ni pambo. Sisi wa nyumbani tulijua. Wiki tatu kabla ya harusi, katikati ya kupigwa singo na kupima nguo, aliona video kwenye simu. Msichana amelala chali, kajisukuma kwa mikono na miguu, mwili ukanyanyuka kama tao la mlango. Akautamani mwili laini kama ule. Siku ya nne ya kujaribu, kiuno kikakataa. Kwa siku kumi hakuweza kurukuu wala kusujudu, alisali amekaa.

Akaniuliza, "Dada, si wanasema yoga ni ya maelfu ya miaka? Kitu cha kale vipi kimenivunja mgongo?"

Sikuwa na jibu, ndipo nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni hiki: yoga ni ya kale kweli, lakini ile mikao mikubwa ya kupinda nyuma tunayoiona kwenye simu ina historia fupi zaidi kuliko tunavyodhani. Na waliotuachia mikao hiyo walituachia na ngazi ya kuipandia. Sisi tumechukua picha, ngazi tumeiacha.

Zamani watu walikaa kitako

Waislamu hatukuanza jana kuijua yoga. Karne ya 11, mwanachuoni mkubwa Abu Rayhan al-Biruni alikitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali ili wasomaji wake wafahamu watu wa Bara Hindi wanaamini nini. Katika mafundisho ya Patanjali, habari ya mwili ni chache sana. Mkao ni namna ya kukaa iliyo imara na yenye raha, basi. Hakuna kujikunja wala kujinyonga.

Hata karne ya 15, kilipoandikwa kitabu mashuhuri cha hatha yoga, Hathapradipika, mikao iliyoelezwa ilikuwa 15, mingi yake ya kukaa. Upo mmoja unaoitwa upinde, lakini si huu wa leo: mtu anavuta vidole gumba vya miguu kuelekea masikioni, kama mpiga mshale anavyovuta kamba.

Karne ya 16 sheikh wa kisufi wa Gwalior, Muhammad Ghawth, aliandika kwa Kifarsi kitabu kiitwacho Bahr al-Hayat, kinachoeleza mazoezi ya mayogi. Nakala moja ilichorwa picha mwanzoni mwa miaka ya 1600 kwa ajili ya Mwanamfalme Salim, ambaye baadaye akawa Mfalme Jahangir. Ina picha 21 za mikao na leo imehifadhiwa Dublin, Ireland. Ukizitazama, wengi wa mayogi wale wameketi tu, wametulia. Mwanamfalme wa Kiislamu alionyeshwa yoga, na hakuna msichana aliyejigeuza tao.

Swila, panzi na ngamia

Mikao ya kupinda nyuma inaonekana vizuri katika kitabu cha baadaye, Gheranda Samhita, kinachokadiriwa kuwa cha karibu mwaka 1700. Kina mikao 32. Humo tunawakuta swila, panzi, ngamia na upinde. Hata ngamia wa wakati ule si wa leo. Leo watu hupiga magoti na kushika visigino. Yule wa kitabuni alilala kifudifudi.

Lakini mkao wa swila ulionizuia nisome mara mbili. Maelezo yake ni mafupi: kuanzia kitovu hadi vidole vya miguu mwili ubaki chini, viganja viwe sakafuni, kisha kichwa kinyanyuke kama nyoka anavyoinua chake. Zingatia hapo. Kitovu kinabaki chini. Wengi wetu tukifanya mkao huu tunanyoosha mikono yote mpaka nyonga zinaning'inia hewani, na uzito wote unamwagikia kiunoni. Mtu wa miaka 300 iliyopita alishaweka mpaka, sisi tumeuruka.

Kijana aliyeumia

Mlango wa yoga tunayoijua leo ulifunguka Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930. Mwalimu Tirumalai Krishnamacharya alifundisha vijana chini ya ufadhili wa mfalme wa Mysore, Krishnaraja Wadiyar wa Nne. Kazi yake moja ilikuwa kuivutia hadhara. Vijana walionyesha mikao migumu mbele ya watu ili yoga ipate heshima, na mkao mkubwa wa kupinda mgongo unapendeza kutazamwa.

Mmoja wa vijana hao alikuwa shemeji yake mwalimu, B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa 1918, mtoto dhaifu aliyesumbuliwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alisimulia mwenyewe jinsi alivyoamrishwa kufanya mikao ambayo mwili wake haukuandaliwa. Mara moja alitakiwa kupasua miguu mbele ya wageni, akachanika misuli ya nyuma ya paja, na maumivu yakamfuata muda mrefu.

Mtu huyo aliyeharakishwa ndiye aliyekuja kuandika ngazi. Mwaka 1966 alitoa kitabu chake Light on Yoga, chenye picha karibu 600. Kila mkao aliupa namba ya ugumu, kuanzia 1 mpaka 60. Swila mdogo ni 1. Ngamia ni 3. Upinde ni 4. Lile tao alilolitaka mdogo wangu ni 7. Na 60, wa mwisho kabisa, ni mkao wa kupinda nyuma: mtu amesimama, anajikunja mpaka anashika miguu yake mwenyewe. Mwishoni mwa kitabu kuna ratiba ya mazoezi iliyopangwa kwa wiki, nayo inafika wiki ya 300. Hiyo ni karibu miaka sita. Mdogo wangu alijipa siku nne.

Mwaka 1979 Iyengar, akiwa na miaka 60, alipata ajali ya pikipiki na kuumia uti wa mgongo. Bingwa wa dunia akarudi chini ya ngazi, akaanza tena na mikao myepesi, akitumia viti, kamba na mablanketi kujiegemeza. Alifanya mazoezi mpaka uzeeni na akafariki 2014, ana miaka 95.

Na wanawake?

Mysore ile ilikuwa ya wanaume. Mwanamke mmoja mzaliwa wa Riga, Indra Devi, alikataliwa na Krishnamacharya kwa kuwa mwanamke na mgeni, mpaka mfalme alipoingilia kati mwishoni mwa miaka ya 1930. Baadaye alifungua darasa Hollywood. Alifariki 2002, ana zaidi ya miaka 100.

Binti yake Iyengar, Geeta, naye aliandika kitabu cha yoga kwa wanawake, akieleza kwamba mwili wetu una majira yake: siku za hedhi, ujauzito, baada ya kujifungua, na ukomo wa hedhi. Kila majira yana mikao inayofaa na inayopaswa kusubiri.

Suala la dini

Najua mnaniuliza moyoni. Baraza la fatwa la Malaysia, Novemba 2008, lilisema yoga yenye mantra na ibada za Kihindu haifai kwa Muislamu. Indonesia, Januari 2009, ikasema hivyo hivyo kuhusu ibada na mantra, lakini mazoezi matupu ya mwili yakaachwa. Saudi Arabia mwaka 2017 iliikubali yoga kama michezo. Mimi si mufti. Ninachofanya ni kunyoosha mwili kwenye mkeka wangu, bila maneno ya ibada ya watu wengine. Aliye na shaka amuulize sheikh anayemwamini.

Tukirudi kwenye mkeka

Siku nzima tunainama mbele: mbuzi ya nazi, ufagio, mtoto, simu. Kupinda nyuma kidogo ni dawa, ila mgongo haupindi sawa kote. Pingili 12 za nyuma ya kifua zimeshikana na mbavu, hazina wepesi. Pingili 5 za kiunoni zinapinda kwa urahisi, kwa hiyo ukiwa na haraka zinabeba kazi ya wenzao. Ndipo mtu anapoumia.

Kwa hiyo, anza kwa kuamsha mabega na sehemu ya mbele ya nyonga. Lala kifudifudi, fanya swila mdogo, kitovu chini, viwiko vimekunjwa, shingo isitupwe nyuma. Nyanyua kifua kwenda mbele na juu kwanza, ndipo upinde. Kaza miguu. Pumzi ikikatika, umepita kiasi, shuka. Ukimaliza, lala chali uvute magoti taratibu kifuani. Wiki kadhaa hapo, kisha ndipo daraja la kunyanyua nyonga ukiwa umelala chali. Tao lisubiri mwalimu aliye mbele yako.

Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye presha ya kupanda au mgongo wenye historia ya kuumia, amwone daktari kwanza. Maumivu makali, au ganzi inayoshuka mguuni, si "mwili unafunguka". Acha, nenda hospitali.

Bi harusi wangu, somo wako hakufundishi mambo yote usiku mmoja. Hujua lipi la leo na lipi la kesho, na wewe humuamini. Uamini na mgongo wako hivyo hivyo. Fungate halihitaji tao la mlango.

Mdogo wangu sasa ana mwaka ndani ya ndoa. Kila asubuhi baada ya Alfajiri hufanya swila wake mdogo, kitovu chini, dakika chache tu. Juzi alinipigia simu kuniambia amesali tarawehe zote akiwa amesimama.

Mola awape afya, awajaalie ndoa zenye utulivu na rehema. Amin.