"Uzima wa Milele" na Jaribio la Rabai

Mara nyingi hudaiwa kwamba dini ya wamisionari iliwafundisha Waafrika kuyatazama ya mbinguni ili wasiyaone ya duniani. Dai hilo lina ukweli wake, wala halifai kupuuzwa. Hata hivyo, historia ya Rabai, katika nchi ya Wamijikenda karibu na Mombasa, yaonyesha kwamba tumaini la milele laweza pia kumfunga mtu kwa jirani yake kwa kifungo kizito kuliko sheria.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba fikra ya milele haikuletwa pwani na Wakristo. Washairi wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kuipa Kiswahili msamiati mpana wa kuilinganisha dunia na akhera. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatumia magofu ya Pate kuuonya moyo unaodanganywa na anasa. Lugha aliyoikuta Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, basi, haikuwa ngeni kwa jambo alilotaka kulieleza.

Miezi michache baada ya kufika, Julai 1844, Krapf alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo ni dalili ya kuanza kwa kazi, si ya kwisha kwake. Imani hiyo haikumtoa duniani. Aliendelea kukusanya maneno. Sarufi yake ilipigwa chapa mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Mwaka 1846 alikuwa amefungua kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann, ambaye alikaa pwani hadi 1875 na kuondoka akiwa kipofu. Mavuno yao yalikuwa haba mno: Mringe, aliyekuwa kiwete, alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kukata roho. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, hiyo ni hasara tupu.

Lakini jaribio kubwa zaidi liliwapata Wakristo Waafrika wenyewe. Mwaka 1875 Freretown ilianzishwa kuwa makao ya watumwa waliookolewa baharini. Miongoni mwa waliofanya kazi huko na Rabai walikuwa Waafrika waliowahi kuwa watumwa, wakasomeshwa Nasik huko Bara Hindi. Mmoja wao, William Henry Jones, Myao kwa asili, alipewa ushemasi mwaka 1885. Mwaka huohuo alifuatana na Askofu James Hannington kuelekea Buganda. Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba, Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia hadi Rabai, wakafika mapema mwaka 1886.

Huko Rabai walikuwapo watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao. Utumwa ulikuwa bado halali katika milki ya Sultani. Mwaka 1880 wenye watumwa walikuwa wametishia kuishambulia Freretown kwa sababu hiyohiyo, na wakuu wa misheni hawakupenda watoro wapokewe. Hata hivyo walizidi kupokewa Rabai, wakalima na kujenga. Mgogoro ulitulizwa Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipowalipia fidia watu wapatao 1,400. Fidia hiyo, ni vema kutambua, iliingia mikononi mwa mabwana, si ya watumwa.

Isidhaniwe kwamba kila aliyeikiri imani hiyo alitenda hivyo. Katika Freretown yenyewe adhabu ya viboko ilitumika hadi ikazua lawama Uingereza. Waliochapa na waliopokea watoro walisali sala moja. Tofauti yao ni kwamba kwa wengine milele ilikuwa mahali pa kungojewa, na kwa wengine ilikuwa mizani ya siku ya leo. Anayeamini kwamba mtumwa na bwana watasimama sawa mbele ya hakimu mmoja hawezi kumrudisha mtoro kwa moyo mweupe.

Hapa lugha yenyewe yatoa ushahidi. Biblia ya Tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, yatumia "uzima wa milele". Kivumishi -zima ni cha asili ya Kibantu, na hutaja kitu kisichopungua: siku nzima, nyumba nzima. Mgonjwa aliyepona husemwa kuwa ni mzima, wala hapana anayefikiri kwamba uzima huo wangojea kifo ndipo uanze. Kwa hiyo, afasiriye "uzima wa milele" kuwa ni maisha marefu ya baadaye tu, amelipunguza neno. Watoro wa Rabai hawakuingoja tafsiri hiyo ili waijue maana yake. Waliipata katika shamba walilopewa, na katika mlango ambao haukufungwa.