Mitandao ya mijadala isiyo na makao makuu: inavyofanya kazi

Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, magari yalikwama pande zote mbili. Waliokuwa na haraka walizunguka kwa Masasi, Songea na Iringa. Safari ilikuwa ndefu, lakini njia ilikuwapo. Mitandao tunayojadiliana kwa simu nayo ni hivyo hivyo: ipo yenye njia moja tu, na ipo yenye njia nyingi.

Mlango mmoja

Facebook, WhatsApp, X na JamiiForums ni mitandao yenye makao makuu. Ukimwandikia jirani yako wa Somanga, ujumbe hupita kwanza kwenye seva, yaani kompyuta za mwenye mtandao, hata kama mmekaa baraza moja. Ni rahisi kutumia, na wa kumlalamikia anajulikana. Lakini mlango ukifungwa, wote mko nje. Juni 2018, JamiiForums ilisimama kwa muda baada ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni kudai leseni. Mei 2025, X ilizuiwa nchini. Septemba mwaka huohuo, TCRA iliisimamishia JamiiForums leseni kwa siku 90.

Milango mingi

Fikiria laini za simu. Mwenye Halotel humpigia mwenye Airtel bila shida, kwa sababu kampuni zimekubaliana namna ya kupokezana simu. Hakuna kampuni moja inayomiliki laini zote.

Mastodon, mtandao ulioanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko wa Ujerumani, hufanya kazi hivyo. Una seva nyingi, na kila moja ina mwenyewe na kanuni zake. Chuo, ushirika au mtu binafsi anaweza kuweka yake. Unafungua akaunti kwenye seva moja, kisha unasoma na kuwajibu hata walio kwenye seva nyingine. Seva hizo huelewana kwa utaratibu wa pamoja uitwao ActivityPub. Moja ikizimika, watu wake hukwama, wengine huendelea.

Wazo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, waliandikiana kupitia HealthNet. Ujumbe ulihifadhiwa kwenye kompyuta moja hadi njia ya simu au setilaiti ipatikane, ndipo ukapelekwa kwenye nyingine.

Kabla hujajiunga

Kwanza, mtandao huu haukuokoi intaneti yenyewe ikikatika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipoharibika chini ya bahari, huduma za intaneti zilizorota nchini, ziwe za mlango mmoja au za milango mingi.

Pili, ujumbe wako huacha nakala kwenye seva nyingine. Ukiufuta, seva yako huziomba nyingine nazo zifute, lakini haiwezi kuzilazimisha. Picha ya mtoto au namba ya simu ya jirani usiiweke kabisa.

Tatu, kwenye Mastodon msimamizi wa seva anaweza kuona hata ujumbe wa faragha. Tena akichoka au akiishiwa fedha, anaweza kuifunga. Chagua seva ambayo mwenyewe unamjua au anaaminika.

Nne, sheria inakufuata popote unapoandika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza habari za uongo kwa makusudi.

Kwa wanaobaki kwenye makundi ya WhatsApp, ushauri wetu ni mmoja. Kikundi cha wavuvi au cha kuweka na kukopa kiandike majina na namba za wanachama wote kwenye daftari, katibu alitunze. Siku mlango ukifungwa, mtajua pa kupatana.