Jiko Lililodhaniwa Kuwa Nyumba

Katika kijiji cha Singleton, West Sussex, kusini mwa Uingereza, limesimama jengo dogo la mbao za mwaloni liitwalo Winkhurst. Asili yake ni Kent, karibu na mahali palipochimbwa bwawa la Bough Beech katika miaka ya 1960. Ili lisipotee, mafundi walilifungua kipande kwa kipande, wakalihamishia katika makumbusho ya majengo ya vijijini ya Weald and Downland. Pete zilizomo katika mbao zake zinaonyesha kwamba miti yake ilikatwa kati ya mwaka 1492 na 1537.

Kwa miaka mingi wageni waliambiwa kuwa hiyo ilikuwa nyumba ya mkulima mdogo. Hoja haikukosa mashiko. Sehemu moja ilikuwa wazi hadi paani, na moshi wa moto uliowashwa sakafuni ulikuwa ukipanda hadi kwenye makombamoyo. Palipo na moto na paa, walihukumu wataalamu, pana familia. Baadaye, uchunguzi wa majengo mengine ya aina hiyo uliibadili hukumu: Winkhurst lilikuwa jiko la nje, mshirika wa nyumba kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilifunguliwa tena, likasimamishwa upya.

Majengo ya namna hii hayakuwa ya kupikia mchuzi tu. Humo ndimo ulimookwa mkate na kutengenezwa pombe, na kazi hizo mbili zilikuwa ndugu. Zote zilihitaji nafaka, maji na moto mkubwa usiotakiwa kukaribia vitanda na ghala. Shayiri ilioteshwa ikawa kimea, kimea kikalowekwa katika maji ya moto, na maji yale matamu yakaachwa yachachuke. Povu lililoelea juu ya pombe halikutupwa: ndilo lililoumua unga wa mkate. Aliyeharibu pombe yake huenda alikosa pia hamira ya mkate wake.

Aliyefanya kazi hiyo alikuwa nani? Padri William Harrison wa Radwinter, Essex, aliyeielezea Uingereza ya karne ya 16, anasimulia jinsi mkewe na wajakazi wake walivyotengeneza pombe nyumbani kila mwezi. Judith Bennett, katika kitabu chake cha mwaka 1996, ameonyesha jinsi biashara ya pombe ilivyowatoka wanawake polepole kati ya mwaka 1300 na 1600, huku bia yenye hopsi, inayodumu muda mrefu na kudai mtaji mkubwa, ikienea mikononi mwa wanaume. Winkhurst lilijengwa katikati ya mageuzi hayo.

Kwa hiyo kosa la kuliita jiko nyumba si kosa la vipimo tu. Aliyelitazama jengo alimtafuta kwanza mwenye nyumba. Mpishi hakumjia akilini. Nami, nilipoingia humo mara ya kwanza, niliona kuta za fito zilizokandikwa udongo, nikamkumbuka bibi yangu akiinama kuingia katika jiko lake la nje, macho yakimtoka machozi ya moshi. Hakuna aliyelipima jiko lile. Lilipoanguka, miti yake iliishia kuwa kuni.

Nyumba zetu za mawe za Lamu na Unguja zimechorwa na kuandikiwa vitabu, na inastahili. Lakini jiko la nje, pale palipotwangwa, palipochachushwa na palipookwa, ni nyaraka pia. Winkhurst lilibahatika: wataalamu walikosea, lakini mbao zilikuwepo za kuwasahihisha. Kwetu, jiko likishaanguka, hata kosa halitapata wa kulisahihisha.