Jinsi Wakenya walivyofundishwa kuficha PIN

Leo naweka programu pembeni kidogo, nizungumzie historia.

M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom tarehe 6 Machi 2007, baada ya majaribio yaliyoanza 2005 huko Thika na Nairobi, pamoja na wakopaji wa Faulu Kenya. Wengi waliojiunga hawakuwahi kushika kadi ya benki, kwa hiyo PIN ya tarakimu nne ilikuwa kitu kigeni. Mwalimu wao akawa ajenti. Ndiye aliyewasajili, ndiye aliyewaonyesha menyu, na ndiye aliyesema usimwambie mtu PIN yako, hata mimi. Hapa Tena bado naona mama akimkabidhi ajenti simu na kumtajia PIN kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Sishangai. Aliyekufundisha ndiye unayemwamini.

Halafu lile daftari! Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Lilikaa wazi kwenye kaunta, na kila aliyetia sahihi aliweza kusoma mistari ya waliomtangulia. Kwa mtu wa kompyuta, hiyo ni hifadhidata isiyo na mlango.

Wakora nao waligundua kwamba PIN yako si lazima waijue. Unapata ujumbe unaofanana na wa M-Pesa, kisha simu inalia: samahani, nimekutumia kimakosa, tafadhali nirudishie. Unatuma mwenyewe, kwa PIN uliyoificha vizuri kabisa. Kinachosaidia hapo ni kuangalia mtumaji (ujumbe wa kweli hutoka kwa MPESA, si namba ya kawaida) na kutazama salio kwanza.

Baadaye ukaja wizi wa laini. Tapeli anajifanya wewe, namba yako inahamishiwa laini mpya, simu yako inakosa mtandao. Mulot, mji ulio mpakani mwa Bomet na Narok, ulipata sifa mbaya kwa kazi hiyo. Piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe kwingine ila kwenye duka la Safaricom.

Kwa maoni yangu, kilichoshinda mabango yote ni Hakikisha, iliyokuja katikati ya miaka ya 2010. Kabla yake tuliambiwa tu tusome namba mara mbili. Sasa mtambo wenyewe ukaonyesha jina la mpokeaji na kukupa sekunde chache za kughairi. Walirekebisha programu badala ya kumlaumu mteja.

Ujumbe wa kitapeli utume kwa 333.