Chuo cha sheria na mustakabali wa wakili: Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

KILA mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, wazazi na watahiniwa waliopata alama nzuri huanza kuulizana: je, shahada ya sheria ya chuo hiki ina uzito sawa na ile ya chuo kile? Mbele ya sheria, uzito ni mmoja. Katika soko la kazi, jibu lina mikunjo kadhaa.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, haivipangi vyuo vikuu kwa daraja. Inachotaka ni shahada inayotambuliwa, mafunzo ya uanagenzi chini ya wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano, na kufaulu mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, CLE. Anayetimiza hayo huapishwa na Jaji Mkuu na jina lake huingizwa katika orodha ya mawakili. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 166, inadai jaji wa Mahakama Kuu awe na uzoefu wa miaka 10 na wa Mahakama ya Juu miaka 15. Haiulizi alikosomea.

Hata hivyo, anayetazama safu za juu za idara ya mahakama ataona jina la Chuo Kikuu cha Nairobi likijirudia. David Maraga alisomea huko, na Martha Koome vilevile. Dkt Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa kwanza chini ya Katiba mpya, alipata shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi huyachukua majina hayo kuwa ushahidi kwamba vyuo vingine ni hafifu. Hoja hiyo haina mashiko, kwa sababu inasahau historia.

Kabla ya uhuru, Mkenya aliyetaka kuwa wakili hakuwa na budi kuvuka bahari, kama alivyofanya Argwings-Kodhek aliyesomea Uingereza. Mnamo 1961 kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam ili kuhudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Chuo cha Sheria nchini, KSL, kilianza 1963, na kitivo cha Nairobi kikafuata 1970. Chuo Kikuu cha Moi hakikuanza kufundisha sheria hadi 1994. Kwa zaidi ya miongo miwili, basi, aliyesomea sheria katika chuo kikuu cha humu nchini alisomea Nairobi, kwa kuwa hapakuwa na kwingine. Majaji wa leo ni wanafunzi wa enzi hiyo. Waliohitimu Kenyatta, Strathmore, Kabarak, Riara, JKUAT na kwingineko bado wako njiani wakipanda ngazi, na si haki kuwapima kwa kipimo cha waliowatangulia kwa miaka 30.

Penye hatari ya kweli ni kwenye leseni. Chuo kikuu chochote kinachofundisha sheria lazima kiwe na idhini ya CLE, na idhini hiyo hutolewa kwa muda maalumu, kisha huhuishwa baada ya ukaguzi wa maktaba, wahadhiri na mtaala. Si jambo la kupuuzwa hata kwa vyuo vya umma. Mnamo 2015 Baraza liliagiza kufungwa kwa kitivo cha sheria cha Moi, agizo lililozua mvutano hadi mahakamani. Chuo hicho kingali kinafundisha sheria, lakini wanafunzi wa wakati huo walijua jinsi ilivyo kusoma huku hujui kama cheti chako kitapokewa. Mzazi anayetaka kulipa karo ya miaka minne anapaswa kwanza kuuliza leseni ya chuo inakwisha lini, na ni ya kampasi ipi. Idhini ya makao makuu haimaanishi kwamba kila tawi limeruhusiwa.

La pili, ambalo limewaliza wengi zaidi, ni lango la KSL. Kwa miaka mingi chuo hicho kimekuwa kikiangalia shahada pamoja na matokeo ya shule ya upili: wastani wa C+ katika KCSE, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Wapo waliofeli kupata alama hizo, wakaanza na cheti, wakapanda hadi stashahada, wakapokelewa na chuo kikuu kilichotambuliwa, wakahitimu, kisha wakafungiwa mlango Karen. Baadhi yao wazazi wao walikuwa wameshauza kipande cha shamba. Walikwenda mahakamani, na maamuzi kuhusu namna ya kuisoma Sheria ya KSL ya 2012 hayakuwa ya sauti moja. Mwanafunzi wa njia hiyo hana budi kupata jibu la maandishi kutoka KSL kabla ya kujisajili, si baada ya kuhitimu. Ahadi ya afisa wa usajili wa chuo kikuu haimfungi mtu yeyote huko Karen.

Ndani ya KSL wote hukalia dawati moja. Masomo ni 9, yakiwemo mashtaka ya madai, mashtaka ya jinai, mirathi, uhamishaji wa ardhi na maadili ya uwakili, na mtahiniwa hupimwa kwa maandishi, kwa mdomo na kwa kazi ya mradi. Wengi huanguka na kurudia. Hapa ndipo ubora wa chuo unapojitokeza, wala si jina lake. Aliyefundishwa kuandika hoja, kutafuta maamuzi ya awali na kusimama mbele ya watu hupata nafuu. Aliyekaririshwa madaftari ya mwaka juzi hutaabika, hata akiwa ametoka chuo chenye sifa kubwa.

Jina huwa na nguvu katika uanagenzi wa miezi sita na ajira ya kwanza. Kampuni kubwa za mawakili jijini Nairobi hupokea barua nyingi kuliko nafasi, na mara nyingi washirika wake huwaegemea wanaotoka vyuo walikosoma wao. Huo ni upendeleo, ingawa kwa adabu huitwa kufahamiana. Anayetoka chuo kichanga anaweza kuupunguza kwa mashindano ya kesi za kuigiza, mathalan yale ya haki za binadamu ya Afrika yanayoandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria, au kwa makala katika jarida la wanafunzi. Kwa hiyo ni busara kuuliza iwapo chuo hugharamia safari za mashindano hayo. Uanagenzi wenyewe mara nyingi hulipwa posho kiduchu au hakuna kabisa, na mwana wa mkulima asiye na jamaa wa kulala kwake jijini huona ugumu ambao hakuna shahada inayouondoa.

Baada ya miaka 5 hivi, swali la chuo hufifia. Mteja wa Kitale au Kwale mwenye kesi ya mpaka wa shamba humuuliza wakili ameshinda kesi ngapi. Serikali za kaunti, ambazo tangu 2013 zimekuwa zikiajiri wanasheria, hutazama zaidi cheti cha uwakili na tajriba.

Wanaoelekea Uganda, Uingereza au India wana hesabu nyingine. Shahada yao hupelekwa kwa CLE ili ilinganishwe na masomo 16 ya lazima yanayofundishwa humu nchini. Akikosa hata moja, sheria ya ushahidi kwa mfano, mhitimu huagizwa kulisoma katika chuo kilichoidhinishwa kabla ya kuruhusiwa kuingia KSL, na gharama ni yake.